Stonehenge si Mawe Tu

Mawe ya Stonehenge yamesimama katika uwanda wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, kwa miaka ipatayo 4,500. Makubwa yake yana uzito wa tani zaidi ya 20 kila moja. Mengi ya yale madogo yalitolewa milima ya Preseli, Wales, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Mwaka 1915 wakili Cecil Chubb aliyanunua mnadani kwa pauni 6,600, na mwaka 1918 akayakabidhi kwa taifa. Umiliki wa mawe ukawa umeamuliwa. Ardhi inayoyazunguka ndiyo iliyobaki kugombewa, na imegombewa hadi miaka ya karibuni.

Barabara ya A303, inayotoka upande wa London kwenda kusini-magharibi, hupita mita 165 hivi kutoka kwenye mawe. Ni nyembamba, na majira ya kiangazi foleni yake haina mwisho. Barabara nyingine, A344, ilipita karibu zaidi na kuikata Avenue, njia ya kale inayounganisha mawe na mto Avon. Mwaka 1993 kamati ya Bunge ilisema wazi kwamba hali ya mahali pale ilikuwa aibu kwa taifa. Hilo halikupingwa. Ugomvi ulikuwa juu ya tiba.

Mpango mmoja wa awali ulikuwa handaki la kilomita 2.1 la kupitishia A303, pamoja na kituo kikubwa cha wageni huko Countess, pembezoni mwa mji wa Amesbury. Mwaka 2007 serikali iliuacha kwa sababu ya gharama, na kituo nacho kikafa. Kilichojengwa hatimaye ni kituo cha kiasi huko Airman's Corner, kilomita 2.4 magharibi, kilichofunguliwa Desemba 2013. A344 ilifungwa na lami yake ikang'olewa, na chini yake wanaakiolojia wakakuta mabaki ya mitaro ya Avenue. Lakini wanakijiji wa Shrewton waliendelea kulalamika kwamba madereva wanaokwepa foleni wanakatiza kijijini mwao.

Mwaka 2014 serikali ikatangaza handaki jipya la kilomita 3 hivi. Eneo la Urithi wa Dunia, lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 1986, lina upana wa zaidi ya kilomita 5 kwenye njia ya A303, kwa hiyo midomo yote miwili ya handaki ingefunguka ndani ya eneo linalotakiwa kulindwa. Magharibi, barabara ya njia nne ingechimbiwa bonde refu katikati ya matuta ya makaburi ya kale. Mashariki ipo chemchemi ya Blick Mead, ambako watu waliwinda na kula pamoja maelfu ya miaka kabla ya jiwe la kwanza kusimamishwa. Wachimbaji wa hapo waliogopa kwamba maji ya ardhini yakishuka, mifupa na zana zilizohifadhiwa na unyevu zingeharibika.

Wenyeji hawakuwa na kauli moja. Winterbourne Stoke, kijiji kinachopasuliwa na A303, kiliomba barabara ya mchepuo kwa miaka mingi, na ombi hilo ni la haki: hakuna anayestahili kulea watoto kando ya malori yasiyokoma. Kosa la wapangaji ni kuifunga haja hiyo ndani ya mradi uleule wa handaki, hata anayetetea makaburi akaonekana adui wa kijiji.

Novemba 2020 waziri aliidhinisha mradi kinyume cha ushauri wa wakaguzi wake. Julai 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha idhini hiyo, kwa sababu, miongoni mwa mengine, njia mbadala hazikupimwa ipasavyo. Mwezi huohuo UNESCO iliiondoa Liverpool katika orodha ya Urithi wa Dunia, onyo lililosikika hadi Wiltshire, kaunti ya Stonehenge. Idhini ilitolewa tena mwaka 2023, na Julai 2024 serikali mpya ikaufuta mradi kwa kukosa fedha.

Mara mbili, basi, ardhi ya Stonehenge imeokolewa na uhaba wa pesa. Huo si ulinzi, kwa maana hazina ikijaa mashine zitarudi. Ulinzi wa kweli utapatikana siku wapangaji watakapokubali kwamba Stonehenge ni uwanda mzima, pamoja na makaburi, chemchemi na njia zake, kisha wakawajengea wanavijiji mchepuo wao bila kuwadai urithi huo kama malipo.