Panya si Mmoja: Jinsi ya Kuwatambua Wagugunaji wa Shimoni na Kusini mwa Pwani

Msimu uliopita jirani yangu mmoja, mwenye minazi kiasi kando ya barabara ya kuingia Shimoni, alikuwa akiokota vidaka na madafu yaliyotobolewa kila asubuhi. Akanunua sumu ya panya, akaitandaza chini ya minazi na pembeni mwa ghala. Kuku wanne wa nyumba ya pili wakafa. Madafu yakaendelea kuanguka. Mwizi hakuwa akitembea chini. Alikuwa akiishi juu kwenye makuti ya mnazi, anakula huko huko na kulala huko huko. Pesa zilipotea, majirani wakanuniana, na sababu ni kwamba sote tulisema "panya" kana kwamba panya ni mmoja.

Makala haya ni ya kukatwa na kuwekwa. Yanaeleza alama za mwili zitakazokusaidia kumjua mnyama uliyemkuta darini, ghalani, shambani au kwenye banda la nyavu, kabla hujafikia kununua sumu.

Kwanza: ni mgugunaji kweli?

Wagugunaji wote wana alama moja isiyokosea. Kila mmoja ana meno mawili makubwa mbele juu na mawili chini, yaliyopinda kama patasi, mara nyingi rangi ya manjano au chungwa upande wa nje. Nyuma ya meno hayo pana pengo tupu, hakuna chonge, ndipo yaje magego. Meno hayo ya mbele hayaachi kukua maisha yote, na ndiyo maana panya hutafuna hata kisichoshibisha: nyaya, mbao, nyavu, ndoo za plastiki.

Ukimkuta mnyama mdogo wa kijivu hana meno hayo, huyo si panya. Hawa ndio wanaochanganywa zaidi:

Kirukanjia. Ana pua ndefu iliyochongoka inayochezacheza, macho madogo kama kichwa cha pini, na meno mengi madogo makali. Hunuka vibaya, na ndiyo sababu paka humuua lakini hamli. Yule mkubwa wa majumbani, anayepita ukutani usiku akitoa sauti kama sarafu zinazogongana, alikuja na vyombo kutoka Asia. Chakula chake ni mende, nge na wadudu wengine. Ukimuua umewapa mende nafasi.

Njule, ambaye wengine humwita sengi. Huyu ni wa misituni, na kusini mwa pwani yetu yuko mwenye mgongo mweusi na ubavu mwekundu. Pua yake ni kama mkonga mdogo, miguu mirefu na myembamba, hutembea mchana akipekua majani makavu. Wataalamu wanamweka karibu zaidi na ndovu kuliko panya. Hali nazi wala mahindi.

Popo. Sisi wa Shimoni tunawajua kutoka mapangoni. Mabawa ni ushahidi tosha. Kuwaita panya warukao ni mazoea ya ulimi tu.

Sungura na pimbi. Sungura ana meno mawili madogo zaidi yaliyojificha nyuma ya yale makubwa ya juu. Pimbi, na perere wa mitini, hana mkia unaoonekana na vidole vyake vina kucha bapa. Wote wawili si wagugunaji.

Pili: namna ya kupima

Usimshike kwa mkono mtupu, hata akiwa amekufa. Vaa glavu au pindua mfuko wa nailoni. Chukua rula uangalie mambo matano: urefu wa mwili kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia, urefu wa mkia peke yake, unyayo wa nyuma kutoka kisigino hadi kidole kirefu bila kucha, sikio, na, akiwa jike, idadi ya chuchu. Rangi iwe ya mwisho. Panya wa aina moja anaweza kuwa mweusi, wa kahawia au wa kijivu, lakini mkia na unyayo havidanganyi.

Watatu wa nyumbani

Panya dari (Rattus rattus). Huyu ndiye mwenye nyumba zetu. Mwili ni sentimita 16 hadi 22, na mkia ni mrefu kuliko mwili. Ukiulaza mgongoni utapita pua. Masikio ni makubwa, membamba, karibu hayana manyoya, na ukiyakunja mbele yanafika machoni. Pua imechongoka. Jike ana kwa kawaida jozi tano za chuchu. Hupanda vizuri mno: makuti, kamba za dau, minazi. Si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Asia kwa vyombo vya biashara, na wanaakiolojia wamepata mifupa yake Unguja Ukuu, bandari kongwe ya Zanzibar. Dafu lililotobolewa karibu na kikonyo lingali mtini ni kazi yake.

Panya wa mitaro (Rattus norvegicus). Huyu ni wa bandari na miji mikubwa kama Mombasa, na husafiri ndani ya mizigo. Ni mnene, gramu 200 hadi 500. Mkia ni mfupi kuliko mwili, mnene, juu ni mweusi na chini mweupe. Masikio ni madogo yenye manyoya, hayafiki machoni. Pua ni butu. Jike ana jozi sita za chuchu. Hapendi kupanda, huchimba mashimo kando ya kuta na mitaro, tena anaogelea.

Kipanya cha nyumba (Mus musculus). Mwili ni sentimita 7 hadi 10, mkia karibu sawa na mwili, uzito gramu 12 hadi 25. Ukitazama jino lake la mbele la juu kwa ubavu utaona kidato kama ngazi. Unyayo wa nyuma haufiki milimita 20. Hapa ndipo wengi hukosea, wakadhani mtoto wa panya dari ni kipanya mzima. Tazama miguu na kichwa. Mtoto wa panya ana miguu na kichwa kikubwa kisicholingana na mwili wake. Kipanya mzima ana miguu midogo iliyolingana naye.

Wa mashambani na vichakani

Panya shamba (Mastomys natalensis). Wakulima wa mahindi, mpunga na mihogo ndio wanaomjua kwa hasara. Ni wa kijivu cha kahawia, tumbo jeupe la kijivu, manyoya laini, mkia karibu sawa na mwili. Unyayo wake ni kati ya milimita 20 na 29, yaani yuko kati ya kipanya na panya dari. Alama kubwa ni jike: chuchu zake ni nyingi ajabu, jozi 8 hadi 12, zimepangwa mstari mmoja kutoka kifuani hadi mwisho wa tumbo. Hakuna panya mwingine wetu aliye hivyo. Huzaa watoto wengi kwa uzazi mmoja, na mvua zikiwa nzuri idadi yake hulipuka.

Panya mlia. Anakaa kwenye nyasi ndefu, hutoka mchana, na ana mstari mweusi katikati ya mgongo. Si mwizi wa nyumbani.

Panya miiba (Acomys). Mgongo wake una manyoya magumu kama miiba midogo, anapenda mawe na matumbawe makavu. Usimkamate mkia, utabaki nao mkononi. Ngozi yake pia huchanika kwa urahisi kisha ikaota upya na manyoya yake, jambo ambalo watafiti waliofanya kazi Kenya walilieleza mwaka 2012 na likawashangaza madaktari duniani.

Panya buku (Cricetomys). Ni mkubwa kama paka mchanga, kilo moja na zaidi. Mwili ni sentimita 28 hadi 45, na mkia mrefu ambao sehemu ya mwisho ni nyeupe kabisa, kana kwamba umechovywa kwenye chokaa. Mashavu yana mifuko ya kubebea chakula. Watu humwogopa kwa ukubwa wake, lakini ni mpole. Ndugu zake wanafunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, na shirika la APOPO, kunusa mabomu yaliyofukiwa na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Akafa Januari 2022.

Wagugunaji usiowadhania

Kuchakuro, au kindi, ni mgugunaji pia. Mkia wake ni wa manyoya mengi kama brashi, hutembea mchana, na yule wa pwani ana tumbo jekundu. Ndezi ni mzito, kilo kadhaa, mkia mfupi, manyoya magumu yasiyo miiba, na meno ya juu ya rangi ya chungwa yenye mifereji. Utamkuta kwenye miwa na majani ya mabondeni, upande wa Ramisi na Msambweni. Nungunungu ndiye mkubwa wao wote. Miiba yake harushi, asikudanganye mtu; hutoka inapoguswa. Ukikuta mihogo imefukuliwa usiku na mizizi imetafunwa kwa meno mapana, na mwiba mweusi na mweupe umeachwa chini, huna haja ya kuuliza.

Alama za asiyeonekana

Mara nyingi utaona kinyesi kabla ya mnyama. Cha kipanya ni kama punje ya mchele mwembamba, milimita 3 hadi 6. Cha panya dari ni kama milimita 12, kimepinda na ncha zimechongoka. Cha panya wa mitaro hukaribia milimita 20 na ncha ni butu. Shimo la upana wa kalamu linamtosha kipanya. Michirizi myeusi ya mafuta kwenye boriti na juu ya ukuta ni njia ya panya dari. Michirizi chini ya ukuta na udongo mpya uliofukuliwa ni ya panya wa mitaro.

Faida ya kumjua ni nini?

Ya kwanza ni afya. Panya hubeba vijidudu kwenye mkojo vinavyoleta ugonjwa wa leptospira, unaoingia mwilini kupitia michubuko mtu akikanyaga maji machafu, hasa masika. Dalili ni homa, kichwa, maumivu makali ya misuli hasa ya ndama za miguu, na wakati mwingine macho kuwa manjano. Ukienda zahanati mwambie daktari kwamba nyumbani pana panya. Yeye hawezi kukisia, na wengi hutibiwa malaria bure. Tauni nayo hupita kwa viroboto vya panya. Iliwahi kuingia Nairobi mwaka 1902, na kuanzia 1980 ikasumbua Lushoto, ng'ambo ya mpaka wetu, kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukiona panya wanakufa ovyo bila sumu, usiwaguse. Toa taarifa kwa ofisa wa afya. Kinyesi kikavu usikifagie. Kinyunyizie maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, ngoja kiloane, kisha ukifute.

Ya pili ni dawa inayolingana na mwizi. Panya dari wa minazi hazuiwi kwa sumu ya chini. Funga bati laini la upana wa sentimita 40 hivi kuzunguka shina, mita mbili kutoka ardhini, na ukate makuti yanayogusana na mnazi wa pili au paa. Kucha zake hazishiki bati. Panya wa mitaro azibiwe mashimo na taka ziondolewe. Kipanya azibwe nyufa ndogo, na mtego wa kawaida unamtosha. Panya shamba apunguziwe majani pembezoni mwa shamba, na mavuno yasiachwe yalale nje. Nyavu zioshwe harufu ya samaki na zitundikwe mbali na ukuta. Mbata na mahindi viwekwe juu ya chaga, si sakafuni.

Ya tatu ni wale wanaotusaidia. Sumu nyingi za madukani huua polepole, na panya aliyeinywa huzurura siku kadhaa akiwa chakula chepesi cha paka na bundi. Bundi, babewatoto wa wazee wetu, tunampiga mawe kwa kumwita nuksi, naye usiku mmoja hula panya ambao wewe ungehitaji mitego kadhaa kuwanasa.

Yule jirani yangu alifunga bati kwenye minazi yake yote mwaka huu. Kuku alilipa, wakapatana. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Nami naongeza kwamba wengine hata shimo hawana haja nalo. Basi kabla ya kununua chochote, chukua rula, pima mkia, utazame na unyayo.