Asili ya Jamaa za Walowezi wa Kiingereza katika Ayalandi

Jamaa nyingi za Ayalandi hunena ya kuwa babu zao walitoka Uingereza, wakapewa mashamba waliyonyang'anywa wenyeji: huko Munster tangu mwaka 1586, na huko Ulster tangu 1609. Lakini walitoka wilaya gani?

Wengi hushika jina peke yake, nasi twaona jina ni shahidi wa kutiliwa shaka. Mwaka 1465 ilitungwa sheria kwamba Waayalandi wakaao kati ya Waingereza, katika Dublin na wilaya za jirani, wajitwalie majina ya Kiingereza, ya mji, ya rangi au ya kazi. Baadaye watu wa ukoo wa Mac Gabhann, maana yake mwana wa mhunzi, waliandikwa Smith, yaani mhunzi, hasa wale wa Cavan. Basi yuko Smith asiye na hata tone la damu ya Kiingereza.

Hati zingetuamulia, ila nyingi mno ziliteketea mjini Dublin tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Afadhali kumfuata bwana shamba, kwa kuwa mabwana wengi walileta wapangaji kutoka kwao. Sir Walter Raleigh, mzaliwa wa Devon, alipewa ardhi kubwa karibu na Youghal. Jamaa ya huko yafaa itafutwe kwanza Devon, katika vitabu vya ubatizo. Parokia za Uingereza ziliamriwa kuviandika mwaka 1538, ingawa vya miaka ile ya kwanza vingi vimepotea.