Kutoka Kibarua Hadi Kimya: Karatasi za Ajira Shinyanga na Geita

Neno kibarua lilianza kama karatasi. Ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na kwenye miji ya pwani, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku yake imehesabiwa, kisha akakibadilisha kwa ujira. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira ule iliishia mfukoni mwa bwana. Taratibu jina la karatasi likamhamia mtu aliyeishika. Leo tunasema fulani ni kibarua, na akifukuzwa tunasema kibarua chake kimeota nyasi.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa miaka miwili nimekuwa nikisoma habari za kazi na wafanyakazi wa Usukumani huku mimi mwenyewe nikitafuta kazi. Mambo hayo mawili yalipokaa pamoja kwenye meza moja, niliona jambo ambalo ningependa tulitazame: karatasi ya ajira imegeuka upande. Zamani mwajiri ndiye aliyetoa karatasi, na mfanyakazi akaishika. Siku hizi mwombaji ndiye anayetoa karatasi, tena rundo zima, na mara nyingi hapati hata moja ya kurudi nayo nyumbani.

Tuanzie mbali kidogo, kabla ya migodi. Mapema mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akijiandaa kwenda bara kumtafuta David Livingstone, alikaa Bagamoyo zaidi ya mwezi mmoja akihangaika kupata wapagazi wa kutosha. Fedha za gazeti lake alikuwa nazo. Nguo, shanga na nyaya za kulipia njiani alikuwa nazo. Alichokosa ni mabega. Wapagazi waliotafutwa zaidi walikuwa Wanyamwezi, jina ambalo watu wa pwani walilitumia kwa mapana, likiwafunika na ndugu zao Wasukuma. Sukuma maana yake ni kaskazini. Hao walikuwa watu wa upande wa kaskazini, nchi ambayo Shinyanga yetu imo ndani yake.

Fikiria usaili wa mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Mpagazi alipatana ujira, akapatana posho, akataka kujua safari inaelekea wapi na nani anaiongoza. Akiona amedanganywa njiani, aligoma pamoja na wenzake, au aliweka mzigo chini na kutoweka usiku. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, anaonyesha kwamba hawa walikuwa watu wa taaluma, wenye fahari na desturi za kazi yao. Kwa hiyo pale Bagamoyo aliyekuwa kwenye foleni ni mwajiri. Yeye ndiye aliyepaswa kujieleza.

Ukoloni ulikuja kuvunja uwezo huo wa kuchagua. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na mtu aliyekuwa na ng'ombe na mtama bila sarafu akalazimika kuitafuta sarafu. Mkonge ulikuwa umeingia nchini mwaka 1893, na mashamba ya Tanga na Usambara yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwepo karibu. Vijana wa Unyamwezi na Usukuma wakawa miongoni mwa waliotembea kwenda huko. Waingereza walipochukua nchi walitunga sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, iliyofanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Mpagazi aliyeweka mzigo chini alipoteza ujira wake. Kibarua wa shamba aliyeacha jembe aliweza kufikishwa mahakamani.

Hapo ndipo kipande kilipotawala. Kadi ya kipande Tanganyika ilikuwa na nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo, nafasi moja inajazwa. Siku ya kuumwa haihesabiwi. Siku ambayo kazi haikukamilika haihesabiwi. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa, hata kama siku hizo 30 zimekula zaidi ya mwezi wa kalenda. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, ikawasafirisha vijana kutoka mikoa ya mbali kwa mikataba. Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba. Usaili wao ulikuwa wa mwili: je, ana afya, atahimili kukata mkonge?

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetamani kipande kirudi. Kilikuwa mnyororo. Lakini mnyororo ule ulikuwa na ncha mbili, na ncha moja aliishika mfanyakazi. Nafasi 22 zilizojazwa zilikuwa siku 22 alizodai. Hata asiyejua kusoma aliweza kuhesabu alama na kusimama mbele ya karani na kusema: zangu ni hizi. Karatasi ilisema kile ambacho mwajiri anadaiwa.

Pia tukumbuke kwamba Msukuma wa miaka ile alikuwa na mlango mwingine. Pamba ilikuwa imeshika kanda nzima, na mwaka 1955 wakulima walikuwa na shirikisho lao la vyama vya ushirika, Victoria Federation, likiongozwa na Paul Bomani. Mwenye shamba la pamba na ng'ombe zizini aliweza kulipa kodi bila kupanda lori la kwenda Tanga. Mtu mwenye mlango mwingine huuliza maswali. Hilo ndilo linalofanya usaili uwe mazungumzo ya pande mbili.

Mwadui ilileta sura mpya. Mwaka 1940 mwanajiolojia Mkanada, John Williamson, aligundua almasi kaskazini-mashariki mwa mji wa Shinyanga. Mwaka 1947 almasi ya waridi iliyotoka kwenye mgodi huo ilitolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Baada ya Williamson kufariki mwaka 1958, mgodi uligawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Ndani ya uzio wa Mwadui kulikuwa na nyumba, hospitali na shule. Mali iliyochimbwa iliweza kufichwa katikati ya vidole viwili, kwa hiyo kwenye lango watu walipekuliwa. Mwajiri hakutafuta mabega peke yake tena. Alitafuta mtu wa kuaminika. Na kazi haikuwa tena ya siku 30, ilikuwa maisha mazima: mtoto anazaliwa hospitali ya kampuni na kusoma shule ya kampuni. Kwa maoni yangu, foleni ilianza kugeuka pale. Kwa mara ya kwanza Shinyanga palikuwa na lango ambalo watu walitaka kuingia zaidi ya lilivyotaka kuwaingiza.

Dhahabu ilikamilisha mgeuko huo. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, kisha ukafungwa. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980, maelfu ya wachimbaji wadogo walijaza ukanda mzima. Ajira yao haikuwa na karatasi yoyote. Unafika kwenye duara, anayekufahamu anasema huyu ni kijana wetu, unashuka. Malipo ni mgawo wa mawe yakipatikana. Yasipopatikana, umekula chakula cha mwenye duara na siku imepita. Ni kazi ya hatari, na duara likititia hakuna mkataba wa kumlipa mjane. Lakini jibu la kama umepata kazi au umekosa ulilipata palepale, kutoka kinywani mwa mtu unayemwona usoni.

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Ikatungwa Sheria ya Madini ya 1998, na kampuni kubwa zikaingia: Geita Gold Mine ikafunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ikaanza uzalishaji mwaka 2001, Buzwagi karibu na mji wa Kahama mwaka 2009. Mgodi wa kisasa ni mitambo. Lori moja linabeba kile ambacho wapagazi maelfu wasingeweza kukibeba, na dereva wake ni mmoja. Wakati huohuo vyuo vimeongezeka na vyeti vimejaa mitaani. Mabega ambayo Stanley aliyakosa Bagamoyo sasa yamepanga mstari getini, kila moja na bahasha yake.

Ndani ya bahasha kuna nini? Barua ya maombi. Wasifu. Nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili. Cheti cha kuzaliwa. Namba ya NIDA. Barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Majina ya wadhamini watatu na simu zao. Kila karatasi ina bei: nakala, muhuri, bando, nauli ya kumfuata mtendaji ambaye leo yuko semina. Na chini kabisa ya tangazo kuna sentensi ambayo kila mhitimu wa kizazi changu anaijua kwa moyo, kwamba watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa.

Niliwahi kuitwa kwenye usaili Kahama, na kampuni moja inayotoa huduma migodini. Nafasi ilikuwa ya karani wa stoo. Tuliambiwa tufike saa mbili asubuhi. Niliingia ndani saa tisa alasiri. Walikuwa watu watatu mezani. Waliniuliza kwa nini mtu wa historia anataka stoo, nikasema stoo nayo ni kumbukumbu, wakacheka kidogo. Mmoja akauliza kama nina ndugu anayefanya kazi pale. Nikasema sina. Akaandika kitu. "Tutakupigia," wakasema, nikashukuru, nikatoka. Nje kulikuwa na mama anayeuza chai na chapati chini ya mwarobaini. Alinitazama nilivyokuwa naiangalia simu, akasema, "Mwanangu, kunywa chai kwanza. Hata wa Jumatatu waliambiwa watapigiwa." Simu haikuja. Baada ya wiki saba nilisikia kwa mwenzangu tuliyekaa naye kwenye benchi kwamba watu walishaanza kazi.

Sikuumizwa sana na kukosa. Nafasi zilikuwa mbili na sisi tulikuwa zaidi ya 40. Kilichonisumbua ni zile wiki saba. Niliacha kazi ya kufundisha masomo ya jioni kwa sababu sikutaka nipigiwe nikiwa nimefungwa na ratiba. Mama yangu alikuwa akiuliza kila Jumapili. Kimya kina gharama, na gharama hiyo hulipwa na upande mmoja.

Tusidhani ni tatizo la migodi peke yake. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Uwanja wa mpira ukawa chumba cha usaili. Mwajiri yeyote anaweza kusema, kwa haki, kwamba hawezi kuwaandikia barua watu 10,000. Lakini hoja hiyo ilikuwa na nguvu enzi za stempu. Leo kampuni ya mikopo ya simu inanikumbusha deni la shilingi 5,000 mara tatu kwa siku, tena kwa jina langu kamili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 si mbaya. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi, na kinamhesabu mwombaji kazi kuwa miongoni mwa wanaolindwa: kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya VVU na mengineyo yasiwe sababu ya kumnyima. Mlalamikaji akionyesha dalili za kubaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ukishaajiriwa, kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Tatizo ni kile kipindi cha kati. Aliyekataliwa bila neno lolote ataonyesha dalili gani? Hana barua, hana sababu, hana hata tarehe. Huenda alikosa alama, huenda alikosa mjomba, na hana njia ya kutofautisha. Ndiyo maana mitaani kwetu kila aliyekosa anaamini alikosa mjomba, na kila aliyepata anatiliwa shaka, hata yule aliyestahili.

Kwa mtu wa historia, kimya hiki kina hasara nyingine. Ukienda kwenye nyaraka za ukoloni utakuta mikataba ya kazi, ripoti za maofisa wa kazi, hesabu za walioandikishwa na waliotoroka. Ni karatasi za watu waliowakandamiza babu zetu, ila kwa karatasi hizohizo wanahistoria wameweza kuonyesha jinsi walivyokandamizwa. Historia ya ajira ya ukanda wa dhahabu tangu mwaka 2000 itaandikwa kwa orodha za walioajiriwa. Waliosafiri kutoka Maswa, Bukombe na Kishapu wakiwa na bahasha, wakakaa kwenye benchi na kurudi, hawatakuwemo popote, ingawa wao ndio wengi.

Ninachokidai ni kidogo. Ujumbe mmoja wa simu wenye vitu vinne: nafasi iliyoombwa, idadi ya walioomba, matokeo, na tarehe. Haumpi mtu kazi. Unampa ruhusa ya kuendelea na maisha, na mahali pa kuanzia akitaka kuuliza.

Wakati tunasubiri, nimewaomba wenzangu darasani wasifute barua pepe zao za maombi. Tumeanza daftari: tarehe ya kutuma, mahali, nauli iliyotumika, siku ya usaili, jibu. Hadi wiki iliyopita tulikuwa na mistari 63. Safu ya jibu imejazwa mara tisa.