Kiti cha enzi na kiti cha kazi
Machi 2020, serikali ilipohimiza watu wafanyie kazi nyumbani, nilianza kuandika programu hapa Kiamunyi, Nakuru, nikikalia kiti cha meza ya chakula. Mgongo ukaniuma hadi nikakosa usingizi. Kabla ya kununua kingine, nikapekua historia.

Kiti cha enzi cha Lamu kilifumwa kwa kamba, hewa ikapita, lakini kilikuwa cha heshima: mwili ndio uliofuata kiti. Mwaka 1994 kampuni ya Marekani, Herman Miller, ilitoa Aeron, kazi ya Bill Stumpf na Don Chadwick. Nacho ni cha wavu, ila kina saizi tatu, na hupanda na kushuka. Kiti ndicho kinachomfuata mtu.

Basi dukani kaa kwanza, bei baadaye. Nyayo zitue sakafuni, viwiko vilingane na kibodi. Kisiporekebishika, hicho ni cha enzi tu!