Watu Wangapi Walikaa Kaole?

Atokaye Bagamoyo akashika njia ya kusini, mwendo wa maili 3 hivi, hufika penye magofu ya Kaole. Huko huona misikiti miwili ya mawe na makaburi, mengine yenye nguzo ndefu. Msikiti wa kale husemwa kuwa ni wa karne ya 13. Je, mji huu ulikuwa na watu wangapi?

Ukihesabu makaburi ya mawe, umewahesabu wenye mali tu. Ukipima safu za wenye kusali, umewapata wanaume; wake na watoto hawamo. Tena wengi wa watu wa pwani walikaa katika nyumba za miti zilizokandikwa udongo. Nyumba hiyo ikianguka haiachi gofu, ila sakafu, mashimo ya nguzo, majivu na vigae.

Wataalamu wa habari za Wamaya, huko Marekani ya Kati, wana kazi iyo hiyo. Huhesabu misingi ya nyumba, huondoa zile zisizokaliwa wakati mmoja, kisha huzidisha kwa watu wa nyumba moja. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba miali ya mwanga itokayo katika ndege imefunua majengo zaidi ya 60,000 msituni Guatemala. Makisio ya watu yakapanda sana.

Basi ndugu mkulima, ukiona vigae vya kale shambani, viache mahali pake, ukawape habari wakuu wa mambo ya kale. Huenda hiyo ndiyo alama pekee ya mtu asiyejengewa kaburi la mawe. Naye pia yapasa ahesabiwe.