Ukimwita Mtu Tapeli, Ujue Bei ya Hilo Neno

Wasee, kuna posti moja ambayo wiki haiishi bila kuiona. Mtu ameagiza viatu mtandaoni, amelipa na M-Pesa, ameletewa vingine kabisa. Anaenda kwa Facebook ama X na kulipuka: hawa ni matapeli, msinunue kwao. Watu wanacheka, wanasambaza. Siku mbili baadaye posti imepotea. Ukiuliza, unaambiwa kumekuja barua ya wakili: futa, omba msamaha, lipa, la sivyo tukutane kortini.

Wengi wetu hudhani haya mambo yalianza na simu. Zii. Vita kati ya mwenye kuuza na mwenye kukosoa ina zaidi ya miaka 200, na sheria tunayotishwa nayo leo ilichongwa humo. Ukijua ilikotoka, utajua wakati wa kuogopa barua na wakati wa kuisoma tu ukiwa umetulia.

Tuanze London, mwaka 1808. Sir John Carr alikuwa anaandika vitabu vya safari, na kalamu ndiyo ilikuwa biashara yake. Wachapishaji wawili, Hood na Sharpe, wakatoa kitabu cha kumkejeli. Carr akawashtaki, akasema wamemharibia soko. Kesi ikafika kwa Jaji Mkuu, Lord Ellenborough. Msimamo wake, kwa maneno yangu: ukiuza kazi yako kwa umma, umma uko na ruhusa ya kuikosoa, hata kuicheka, hata kama utapata hasara. Kitu hauruhusiwi ni kuiacha kazi na kuanza kuchafua tabia ya mtu mwenyewe. Carr akashindwa.

Hapo ndipo tuna mstari wetu wa kwanza. Kusema "hiki kitabu ni kibovu" ni maoni. Kusema "mwandishi ni mwizi" ni madai, na madai yanataka ushahidi.

Sasa London inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Ukoloni ulikuja na korti zake, na mpaka leo sheria yetu inasema majaji wanaweza kutumia kanuni za Kiingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, mradi zinafaa hali yetu. Kwa hivyo ile haki ya kukosoa tuliirithi. Lakini tulirithi na fimbo pia. Mwaka 1930 koloni ya Kenya ilipata Kanuni ya Adhabu, na kifungu cha 194 kikafanya kumharibia mtu jina kuwa kosa la jinai. Adhabu ilikuwa hadi miaka 2 jela. Hapo hatuongelei kulipana fidia. Tunaongelea polisi, seli na kutafuta dhamana.

Uhuru ulikuja 1963, na kifungu kikabaki. Mwaka 1970 Bunge likatunga sheria ya kuharibiana jina, ile Sura ya 36, ya kesi za kulipana. Basi tukawa na njia mbili: mtu anaweza kukudai pesa, ama anaweza kupeleka jina lako kwa polisi. Ukiwa mwenyewe, bila wakili, njia ya pili inakunyamazisha haraka zaidi.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mchezo. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na hapo hapo kinakukumbusha uheshimu jina la mwenzako. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya habari anazohitaji kuzitumia vizuri. Swali likawa: hiyo fimbo ya 1930 itaishi na hizi haki aje?

Jibu lilitoka kwa ukurasa wa Facebook, na jina lake linasema yote: Buyer Beware-Kenya, yaani mnunuzi kaa chonjo. Watu wawili walishtakiwa chini ya kifungu cha 194 kwa sababu ya posti za mwaka 2014 zilizowekwa hapo. Badala ya kujitetea tu, wakaenda Mahakama Kuu kupinga kifungu chenyewe. Ndiyo ile kesi ya Jacqueline Okuta na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo akasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hoja yake ni rahisi: aliyeharibiwa jina anaweza kudai fidia, kwa hivyo kumfunga mtu jela ni kupita kiasi. Miaka 87 ya fimbo ikaishia hapo.

Lakini jela haikukaa mbali. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya mtandao, na kifungu chake cha 23 kikaweka faini ya hadi milioni 5 ama kifungo cha hadi miaka 10 kwa mtu anayechapisha uongo akijua ni uongo, ukiwemo uongo wa kumharibia mtu jina. Chama cha wanablogu, BAKE, kilienda kortini na vifungu 26 vikasimamishwa Mei 2018. Februari 2020 Mahakama Kuu ikairuhusu sheria hiyo iendelee. Ona neno lenyewe hapo: akijua. Kulalamika kwamba chakula kilikuja baridi, na kweli kilikuja baridi, si uongo wa kujua.

Turudi kwa pesa, maana barua nyingi za wakili zinahusu pesa. Sura ya 36 iko na kifungu cha 16A, na sijui kwa nini hakifundishwi shuleni. Ukiandika kwamba mtu ametenda kosa lenye kifungo cha miaka 3 ama zaidi, na ushindwe kesi, fidia haifai kuwa chini ya shilingi 400,000. Wizi uko na kifungo cha miaka 3. Kupata mali kwa njia ya udanganyifu pia ni miaka 3. Fanya hesabu. "Mwizi" na "tapeli" ni maneno yenye bei. "Niliagiza nambari 42, wakaleta 39, nimepiga simu mara nne hawashiki" haina bei hiyo, na bado inamwonya mnunuzi mwingine.

Nikubali kwamba mstari huu si rahisi. Huko Belfast, mwandishi wa gazeti la Irish News alikosoa mkahawa wa pitsa mwaka 2000. Mwaka 2007 jopo la raia waliokaa kama waamuzi likampa mwenye mkahawa pauni 25,000. Mwaka 2008 korti ya rufaa ikafuta uamuzi huo, kwa sababu jopo halikuelezwa vizuri tofauti kati ya ukweli na maoni. Karibu miaka minane kwa sababu ya mlo mmoja! Gazeti lingeweza kulipa mawakili wakati huo wote. Wewe na mimi je?

Hapo ndipo naona tatizo letu la leo. Kortini, wewe uliyeandika ndiye unafaa kuthibitisha kwamba ni kweli. Biashara kubwa inajua wakili ni ghali kuliko viatu, kwa hivyo hata mteja mwenye ukweli anafuta posti. Lakini tusijifanye malaika. Kuna dada anaoka keki nyumbani, keki moja imechelewa, mtu mwenye wafuasi elfu hamsini anamwita mwizi, na wiki hiyo oda zote zinakatwa. Huyo naye jina ndilo duka lake.

Msimamo wangu ni huu: anika kilichotokea, usihukumu mtu. Weka tarehe, bei, ujumbe wa M-Pesa, picha ya kifurushi. Barua ikija, usijibu kwa hasira na usifute ushahidi wako. Mwenye kudai fidia ya kuharibiwa jina ana miezi 12 ya kufungua kesi, na barua pekee si hukumu. Na nyinyi wenye biashara, kabla ya kulipa wakili, shikeni simu ya mteja. Kubadilisha viatu kungewagharimu kidogo sana.