Ilikufa ao Inakatala?

Kijana fundi wa hapa Kipushi hakuigusa kwanza. Aliitazama kompyuta yangu kama mgonjwa aliyeletwa kwa baiskeli, akauliza: «Papa, mashini ilikufa, ao inakatala tu?»

Nilikuwa nimekwenda kwake na neno moja, kuharibika. Nikaondoka na mawili, na yote mawili yalikuwa bora kuliko langu. Kufa ni habari ya mwili: betri, waya, ubao wa ndani. Kukatala ni habari ya programu na mipangilio: mwili mzima, utiifu hakuna. Wa pwani wanasema kukataa. Ile l ya kale wameimeza, sisi wa Katanga, huku Kongo, tumebaki nayo mdomoni. Kwa swali moja fupi fundi alikuwa ameshaugawa ugonjwa nusu kwa nusu, na bisibisi yake bado imo mfukoni.

Wengi mjini Lubumbashi wangesema iko pane, basi. Neno limetoka kwa Wafaransa na limekaa nasi muda mrefu, hata limezaa: kudepane ni kutengeneza kilichokwama, na «nidepane» ni ombi la franka kidogo mpaka mwisho wa mwezi. Silifukuzi mgeni aliyekwisha kula nasi. Ila pane ni neno vivu. Linakwambia kitu hakifanyi kazi, jambo ambalo ulikwisha kuliona mwenyewe.

Kamusi zinatupa utatuzi wa matatizo. Litazameni shina lake: tata, yaani nyuzi zilizosokotana. Mtu akizisokota, ametatiza. Kilichopatikana ni tatizo. Sasa tieni ule mkia wa -ua, unaofungua kilichofungwa na kuchomoa kilichochomekwa, mnapata tatua. Ugonjwa na dawa vimezaliwa na mama mmoja! Na ndugu yao wa tatu, matata, huku kwetu bado ana uzito wake: mashini ya matata ni ile inayokukosesha usingizi.

Lakini kutatua ni kurarua pia. Kanzu ikinasa kwenye msumari, hutatuka. Mafundi wenye pupa hutatua kwa maana hiyo: wanafuta kila kitu, wanaweka mfumo endeshi upya, wanadai malipo. Hapa tunaita kufomate. Picha za ubatizo wa mtoto zimekwenda na maji.

Lawama yangu kwa utatuzi ni kwamba unaanzia mwishoni. Sehemu kubwa ya kazi ya fundi si kufungua fundo, ni kulitafuta lilipo. Zima programu hii, jaribu. Rudisha, zima ile, jaribu. Kwa kazi hiyo napendekeza upekuzi. Kupekua ni kazi ya kuku: anachakura, anatazama, anachakura pembeni kidogo. Tena kitenzi hiki kinapenda kurudufiwa, na pekuapekua ndiyo hasa sauti ya fundi asiyejua bado anachokitafuta. Mtaniambia neno limechafuliwa na watu wanaopekua mizigo ya abiria. Najua, Kipushi iko mpakani na Zambia, tumepekuliwa vya kutosha. Hata hivyo nalitetea. Kwanza upekuzi wa hitilafu, kisha utatuzi wake.

Na hapa Kiswahili kinampa fundi kifaa ambacho hakiuzwi dukani. Kompyuta yako ilizimwa, ilizimika, au ilijizima? Ikiwa ilizimwa, kuna mkono wa mtu, pengine wa mtoto aliyechoka kukusubiri. Ikiwa ilizimika, hakuna wa kulaumiwa ila hali: umeme umekatika, betri imechoka, joto limezidi. Ikiwa ilijizima, iliamua yenyewe, na kinachoamua ndani ya kompyuta ni mpangilio wa kulala au sasisho linalojifanyia kazi usiku wa manane. Silabi moja inakupunguzia saa nzima ya kupekua. Mteja anayesema «imezima tu» amelitupa jibu mlangoni.

Watu wa Kipushi tunazijua tofauti hizi kwa sababu nyingine. Mgodi wetu, uliofunguliwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1924 na baadaye ukawa wa Gécamines, ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Miaka 31. Ulizimwa au ulizimika? Ulizeni wazee watatu, mtapata vitenzi vitatu.

Kuganda, kukwama, kugoma: watu huyatumia haya kama pacha watatu waliovikwa nguo moja. Si pacha. Kinachoganda hubadilika chenyewe, kama maziwa, kama damu. Kwa hiyo imeganda ni ile ambayo kishale hakisogei na hakuna kitufe kinachosikika. Kinachokwama kimezuiwa na kingine, kama gurudumu kwenye matope: programu inasubiri mtandao, au inasubiri programu nyingine iachie faili. Aliyeganda muwashe upya. Aliyekwama mwondolee kizuizi, maana ukimwasha upya atakwama palepale. Mwaka 2011 pampu kubwa ya mgodini iliharibika, maji yakapanda kwenye mashimo, kazi ya kuyatoa ikachukua miaka. Kwetu kukwama si neno la mchezo.

Kugoma kwa kompyuta mimi silitaki. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Élisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, wakapigwa risasi na askari. Aliyegoma alijua anadai nini. Kompyuta haidai mshahara.

Kwenye kusakinisha na kusasisha sina ugomvi. La kwanza linatoka kwenye Kiarabu cha kukaa na kutulia: programu inapewa makazi. La pili limetoka kwenye sasa yetu ya kila siku, nami naona linawazidi Wafaransa. Mizajuru yao (mise à jour) inakileta kitu kwenye siku; kusasisha kunakileta kwenye dakika hii. Kuna wanaosema kuhuisha. Neno zuri, linatoka kwenye uhai, lakini nimeona kompyuta nyingi mno zikifa siku ya kuhuishwa.

Chaguo-msingi, hapo nasimama. Eti ndilo jina la mpangilio ulioukuta kabla hujagusa kitu. Chaguo la nani? Wewe hukuchagua. Na msingi gani, ikiwa kazi ya kwanza ya fundi ni kuung'oa? Lubumbashi tunatumia Kifaransa par défaut, na huko tumetoka na kosa tamu zaidi: kwa kuwa défaut ni kasoro pia, watu husikia kwamba mashini imeletwa na kasoro zake kutoka kiwandani. Si mbali na ukweli.

Kompyuta yangu ilikuwa na chaguo-msingi la namna hiyo. Kila baada ya sasisho ilirudi kwenye saa ya Kinshasa. Kongo ina saa mbili. Lubumbashi tunaitangulia Kinshasa kwa saa moja, na mji mkuu uko kiasi cha kilomita 1,500 kutoka hapa. Mtu fulani alikwisha kunichagulia mahali pa kukaa. Kwa hiyo napendekeza mpangilio tangulizi. Haudai kwamba ni chaguo lako, wala haujisifu kuwa msingi. Unakiri tu kwamba ulifika kabla yako.

Ugonjwa wa pili wa kompyuta hiyo ulikuwa wa baobonye. Nalipenda jina hili, bao la kubonyeza, linanifanya nisikie kete. Kicharazio ni sawa pia, na klavye ndiyo ya mjini kwetu; kila mtu na lake. Shida ni kwamba bao la hapa limepangwa Kifaransa, ilhali mfumo ulikuwa ukirudi kila mara kwenye mpangilio wa Kiingereza. Vibandiko vinasema hivi, kioo kinaandika vile. Niliandika mama, nikapata ;q;q. Hilo lilikuwa rahisi kuligundua. Lililonitesa ni wewe: w na z hubadilishana viti, na wewe likatoka zeze. Ni neno halali la Kiswahili, ala yenye nyuzi, na hakuna kisahihishaji kitakachokushtua. Nilimwandikia shemeji barua nzima nikimwita zeze.

Mnaitaje hitilafu ya namna hii, inayoondoka na kurudi? Inayojirudia, mtasema, na mko sahihi, ila chungeni irabu ya mwisho. Kujirudia ni kurudi palepale. Kujirudi ni kutubu na kushika adabu. Fundi akikuahidi kwamba mashini itajirudi, msikilize vizuri.

Wengine husema tatizo sugu. Sugu ni gamba gumu la mkononi, wachimbaji wanalijua, na gamba haliondoki Jumatatu likarudi Ijumaa. Liwe la kasoro isiyosikia dawa yoyote. Kwa inayokuja na kwenda tumeshapewa mfano na wagonjwa wetu wenyewe, wenye homa za vipindi. Hitilafu ya vipindi: fundi akisikia hivyo, hatauliza «nini kimevunjika?» bali «inarudi baada ya nini?» Yangu ilirudi baada ya sasisho. Kijana aliuondoa kabisa mpangilio wa Kiingereza, akaweka saa kwa mkono na kuukata ule upangaji wa saa unaojiendesha. Kazi ya dakika tano. Kupekua kulichukua asubuhi yote.

Sitaki kuwaonea waliotutangulia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kazi kama hiyo ilihitaji mtu akae chini kutafuta jina la kila kitufe. Ila meza za istilahi kwa muda mrefu hazikuwa na kiti chetu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar; sisi tulikuwa upande wa Wabelgiji, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kambi za wafanyakazi na mashimo ya mgodi. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi orodha ijayo ya maneno ya kompyuta ikipitiwa, mtu na aje Kipushi asimame nusu saa mezani kwa fundi, kalamu mkononi. Aandike kwanza kukatala, na aiache ile l mahali pake.

Makala haya nimeyaandika kwenye kompyuta ile ile. Mkikuta zeze palipopaswa kuwa wewe, niandikieni: ugonjwa umerudi.